Mwanangu Anataka Kusomea Mitambo: Jibu kwa Mzazi Aliyeniuliza



 Mhariri aliniomba niandike machache kuhusu kazi yangu ya uhandisi mitambo. Nilikwishaanza kuandika habari za jumla, lakini jambo lililotokea siku ya Idd limenifanya nichane karatasi ile na kuanza upya.

Tulipotoka kusali, mzee mmoja wa hapa Newala alinishika mkono. Mwanawe yuko kidato cha nne Masasi, na kila likizo hukaa nasi hapa chuoni. Akaniambia: "Injinia, huyu kijana ana alama nzuri za fizikia na hesabu. Mimi na mjomba wake tumekaa, tumeona akasomee udaktari au uhasibu. Yeye anasema anataka mitambo, abuni vitu. Sasa mimi nimeuza korosho miaka yote hii ili mwanangu akawe fundi gereji?"

Siku ile watu walikuwa wengi na sahani za pilau zilikuwa zinapita, kwa hiyo nilimjibu kwa mkato tu. Jibu lenyewe ni hili. Naliandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Fundi, fundi sanifu na mhandisi

Kwanza tuondoe dharau. Ufundi gereji ni kazi ya halali, na anayekula jasho lake ana heshima. Tumefundishwa hapa hapa chuoni kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Qur'ani inatusimulia kwamba alilainishiwa chuma, akafundishwa kutengeneza mavazi ya vita, na akaamrishwa apime pete zake kwa uangalifu. Angalieni hapo, enyi wanafunzi. Hakuamrishwa kufua chuma tu, aliamrishwa na kupima. Kupima huko ndiko kazi yangu ilipo.

Nchini kwetu kazi za ufundi zina ngazi. Yuko fundi mchundo, anayeshika zana na kutengeneza. Yuko fundi sanifu, anayesoma michoro, kusimamia mafundi na kupima kazi. Yuko mhandisi, anayekokotoa nguvu, joto na mwendo wa mashine na kuwajibika ikivunjika. Miongoni mwa wahandisi wa mitambo, wapo ambao kazi yao ni kubuni bidhaa, yaani kukaa na tatizo la mtu, kuchora kitu cha kulitatua, kukitengeneza kwa mfano, kukijaribu, kukirekebisha, mpaka kiweze kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ambayo mwenye shida anaimudu. Jembe, pampu, kinu, kitanda cha hospitali na mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, vyote kabla havijawa vitu mkononi vilikuwa mchoro wa mtu fulani.

Kijana wa mzee wangu anataka kuwa mtu huyo. Swali ni je, ana kazi ya kufanya katika nchi hii? Mimi nasema anayo, tena imemsubiri muda mrefu.

Majengo makubwa, mashine za wengine

Wazee wetu wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho ghafi, na sehemu kubwa ilitoka huku kusini kwetu. Serikali ikakopa fedha, yakajengwa viwanda 12 vya kubangua korosho, vikiwamo vya Masasi na Newala, kwa mitambo iliyotoka Italia na Japani. Uwezo wa viwanda vyote ulizidi tani 100,000 kwa mwaka. Lakini msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi kama tani 16,500. Watu walikuwa wamehamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na kuacha mikorosho yao porini, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulishambulia maua. Viwanda vikakosa korosho. Vingi vikafungwa, vingine vikawa maghala.

Sitaki kusema kwamba mitambo peke yake ndiyo iliyoviua viwanda vile, maana korosho zenyewe hazikuwapo. Lakini mavuno yalipopanda tena, hata kufikia zaidi ya tani 300,000 msimu wa 2017/18, ubanguaji haukurudi kwa kiasi kile. Sehemu kubwa ya korosho zetu imeendelea kupakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Mojawapo ya sababu ni ya kihandisi. Mitambo ile mikubwa ilivunja punje nyingi kuliko mikono ya wabanguaji wa India, na katika biashara ya korosho punje nzima ndiyo mali. Korosho za daraja la W320, kwa mfano, ni punje nzima nyeupe 300 hadi 320 kwa ratili moja. Punje ikipasuka inaondoka katika daraja hilo na bei yake inashuka. Mashine inayobangua haraka huku ikivunja humla mwenye kiwanda polepole.

Basi tujiulize: ni wangapi miongoni mwa waliochora mitambo ile waliwahi kukaa chini ya mkorosho wa Newala? Korosho yetu haina ukubwa mmoja. Ganda lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Kipuri kikivunjika, hakipatikani sokoni Masasi. Mambo haya kijana wa huku anayajua kabla hajafika darasa la saba. Anachokosa ni elimu ya kuyageuza yawe vipimo.

Mashine yangu ya kwanza

Nitawaeleza aibu yangu, maana mwanafunzi hujifunza zaidi kwa makosa ya aliyemtangulia.

Shangazi yangu alibangua korosho nyumbani kwa miaka mingi. Walizikaanga, wakazipasua kwa rungu dogo juu ya jiwe, mikono wameipaka majivu ili mafuta yasiwaunguze. Yaliwaunguza vile vile. Binti yake alipoolewa, shangazi alikataa kupakwa hina kwa sababu viganja vyake vilikuwa na mabaka meusi, na aliona haya wageni wasije wakamtazama. Nilikuwa kijana mdogo, na jambo lile lilinikaa moyoni.

Mwaka wa mwisho chuoni nikapewa nafasi ya kuchagua mradi. Nikachora mashine ya kubangulia korosho. Nilikokotoa nguvu inayotakiwa kupasua ganda, nikachomelea fremu, nikaweka visu viwili na mkono wa kukandamiza. Walimu waliisifu. Likizo nikaipakia juu ya basi hadi kwetu, nikaiweka mbele ya shangazi na wenzake kama mtu aliyeleta mahari.

Walibangua nusu saa. Shangazi akaniita pembeni, akasema: "Mwanangu, inakwenda mbio kweli. Lakini tazama sinia hili, ni vipande vitupu. Tajiri hanunui vipande. Halafu huu mkono wake umeuweka juu, mimi nafanya kazi nimekaa. Umejipima wewe, sisi hukutupima."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alisema kweli tupu. Visu nilivitega kwa ukubwa wa korosho mmoja, zile nilizopewa chuoni. Hizi za kwake zilikuwa ndogo na kubwa zimechanganyika. Ndogo zilipita bila kupasuka, kubwa zilipondwa pamoja na punje.

Nikachukua kipimo cha venia, nikapima korosho mia mbili za gunia lake moja baada ya nyingine, nikaandika daftarini. Nikagundua kwamba kabla ya mashine ya kubangua, palihitajika kitu rahisi zaidi, yaani chekeche la duara lenye matundu ya ukubwa tofauti, la kuzitenga korosho kwa makundi. Nililitengeneza kwa bati na vyuma chakavu. Kisha mashine ikashushwa, mkono ukawa pedali ya mguu, na visu vikawa vinategwa upya kwa kila kundi. Punje nzima zikaongezeka. Wakavaa na glavu za mpira. Shangazi mwenyewe hakutajirika, lakini mikono yake ilianza kupona, na mimi siku ile ndipo nilipohitimu, ingawa cheti nilikipata baadaye.

Waliopita njia hii

Wengine watasema hiyo ni hadithi ya mtu na shangazi yake. Haya, tutazame mambo makubwa zaidi, hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani, Carl Bielenberg, alibuni huko Arusha kinu cha mkono cha kukamulia mafuta ya alizeti. Mtu anavuta mkono mrefu, bastola ya chuma inazisukuma mbegu ndani ya silinda yenye nafasi nyembamba, mafuta yanachuruzika. Kinu cha kwanza kilikuwa kizito, kikihitaji wanaume wenye nguvu. Kazi ya miaka iliyofuata ilikuwa kukipunguza, mpaka vikapatikana vidogo ambavyo mwanamke mmoja anaweza kuviendesha. Kinu hicho kilienea katika nchi nyingi za Afrika. Sisi wa Masasi tunaolima ufuta tunaweza kukielewa mara moja.

Kenya nako, mhandisi mitambo Martin Fisher alifika mwaka 1985. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Nick Moon wakaanzisha shirika la ApproTEC, ambalo sasa linaitwa KickStart. Pampu yao ya kukanyaga kwa miguu, MoneyMaker, iliingia sokoni mwaka 1996. Waliifanya ikanyagike bila viatu, na ibebeke, ili mkulima airudishe nyumbani jioni isiibiwe. Mambo madogo hayo ndiyo ubunifu wa bidhaa.

Lakini nanyi wa Newala msikimbilie kuinunua! Pampu ya kuvuta namna hiyo huvuta maji kutoka kina cha mita saba hivi, basi, kwa sababu ni uzito wa hewa unaoyasukuma maji juu, na hewa ina kikomo chake. Maji yetu yako bondeni, mbali chini ya uwanda huu wa Makonde. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde unayapandisha kwa mitambo mikubwa kutoka Mitema, na ndiyo maana bibi zetu waliteremka na kupanda ngema na mitungi kichwani. Kitu kilichobuniwa vizuri kwa shamba la kando ya mto kinaweza kisifae kitu juu ya mlima. Kila mahali panahitaji mtu wake wa kufikiri.

Na asidhani mtu kwamba hii ni kazi ya Wazungu. Bernard Kiwia wa Arusha alianza kama fundi baiskeli. Akabuni chaja ya simu inayozungushwa na gurudumu la baiskeli, na vitu vingine, kisha akawa miongoni mwa waliokianzisha kituo cha Twende, kinachowafundisha watu wa kawaida kubuni vifaa vyao wenyewe. Na tukirudi nyuma, Waislamu wanamjua Ismail al-Jazari, ambaye mwaka 1206 huko Diyarbakir alimaliza kitabu chake cha mitambo. Alieleza vifaa 50, akavichora, akataja namna ya kuvitengeneza ili fundi wa baada yake aweze kuvirudia. Baadhi yake vilikuwa vya kuinulia maji. Elimu hii haikuanza kwa wengine tu, nasi tunayo sehemu ndani yake.

Njia yenyewe ikoje?

Sasa niseme na kijana mwenyewe, na mzazi asikilize.

Njia ni ndefu. Ukifaulu kidato cha nne, unaweza kwenda kidato cha tano na sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu, miaka miwili. Kisha shahada ya uhandisi mitambo, miaka minne, kama vile Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi unafundishwa tangu 1973. Ukihitimu, bado. Sheria inataka ufanye kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijakusajili kuwa mhandisi mtaalamu. Hesabu hapo: ni miaka tisa.

Ipo njia ya pili. Kutoka kidato cha nne unakwenda stashahada ya miaka mitatu, kwa mfano Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, unatoka fundi sanifu. Ukitaka, unaendelea na shahada baadaye. Na ipo ya tatu, ya VETA, kwa mwenye mikono myepesi na mfuko mwepesi. Nimefanya kazi na watu wa njia zote tatu. Mbunifu asiye na fundi mzuri wa kuchomelea ni mtu mwenye michoro tu.

Sitawadanganya kuhusu ajira. Tangazo linalosema "anatafutwa mbunifu wa bidhaa" ni nadra hapa nchini. Wengi tunaanzia kwenye matengenezo ya mitambo ya kiwanda, kwa miaka. Mimi nilitumia miaka minne nikifungua na kufunga pampu za watu. Wakati ule niliona napoteza muda, lakini sasa najua nilikuwa nasoma. Anayetengeneza kitu kilichovunjika huona pale aliyekibuni alipokosea. Wenye kazi ya kubuni hasa ni taasisi kama TEMDO na CAMARTEC za Arusha na TIRDO ya Dar es Salaam. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi hadi mikoani, na humsaidia anayetaka kuanza kiwanda kidogo. Mwenye subira huanza na karakana yake.

Tena kubuni na kuuza ni mambo mawili. Jodie Wu, msichana aliyesomea uhandisi mitambo chuo cha MIT Marekani, alikuja Arusha mwaka 2009 na kifaa cha kupukuchua mahindi kwa baiskeli. Kifaa kilifanya kazi vizuri. Hata hivyo kampuni yake baadaye iligeukia zaidi kuuza taa za sola, kwa kuwa ndizo watu walizozihitaji kila usiku, na mahindi hupukuchuliwa msimu mmoja tu. Mwanafunzi, liweke hilo akilini. Kabla hujachora, uliza: mtu atakitumia siku ngapi kwa mwaka?

Na mabinti je?

Wapo watakaosema mitambo ni ya wavulana. Mimi namuuliza mtu huyo: korosho hapa zinabanguliwa na nani? Maji yanachotwa na nani? Moshi wa jikoni unamwingia nani machoni? Anayelijua tatizo kwa mwili wake ndiye anayestahiki kwanza kupewa elimu ya kulitatua. Binti aliyesitirika anaweza kukokotoa na kuchora kama kaka yake, na shangazi yangu angekuwa amesoma, mashine yangu isingehitajika.

Kazi iliyobaki ni nyingi. Chukueni mabibo. Kila msimu yanaoza chini ya mikorosho kwa sababu hayavumili siku mbili, na mengi yasiyooza hugeuzwa pombe. Tunalaumu ulevi kila Ijumaa, na ni haki yetu. Lakini ni nani aliyembunia mwanakijiji kikamulio cha bei nafuu na kikaushio cha jua ili mabibo yale yawe juisi na matunda makavu ya kuuza? Mawaidha peke yake hayamlishi mtu anayetegemea fedha ile. Mpeni njia ya halali iliyo rahisi kama ile ya haramu, kisha mhimizeni.

Jibu langu

Mzee wangu, jibu langu ni hili. Mwache akasome. Lakini mpe mtihani kwanza. Likizo hii mwambie achague kitu kimoja kinachomchosha mama yake, mlango wa zizi, mbuzi ya kukunia nazi, jiko, chochote. Apime, achore, atengeneze kwa vyuma chakavu, ampe mama atumie wiki moja. Mama akilalamika, akirekebishe bila kununa. Akirudia mara tatu na bado ana hamu, basi huyo ameitika wito wake, nawe usimzuie. Akichoka mara ya kwanza, udaktari na uhasibu bado vipo.

Na kwetu chuoni napendekeza jambo moja dogo. Tuna chumba cha nyuma kilichojaa mikeka mibovu. Tukisafishe, tuweke meza, jiriwa, msumeno na vipimo viwili vitatu, wanafunzi wakiuke humo baada ya darasa la jioni. Chekeche langu la korosho nitalileta liwe la kwanza kukaa humo, nao walitafutie makosa. Najua yapo.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.